Njia ya Kwenda Komamanga

Ukungu wa Novemba ulikuwa umeingia Venisi tangu juzi na haukuonyesha dalili ya kuondoka. Boti za abiria zilisimamishwa alfajiri. Pale chini ya ngazi za stesheni wachukuzi walikuwa na furaha isiyo kifani, kwa sababu boti zikilala mtu mwenye sanduku zito hana ujanja: ama aite mkokoteni, ama abaki stesheni akihesabu njiwa. Mmoja tu hakufurahi. Olindo Ballarin, mzee wa miaka sitini na sita, arobaini na mmoja kati ya hiyo nyuma ya mkokoteni, alisimama mwisho wa mstari akiomba moyoni asiitwe.

Olindo alikuwa amepoteza njia. Si njia ya mahali fulani. Njia zenyewe zilikuwa zikimtoka kichwani, leo hii, kesho ile. Mara ya kwanza ilikuwa Septemba, juu ya daraja dogo nyuma ya soko la samaki, daraja alilolipanda tangu akiwa mtoto. Alifika juu, akatazama mbele, akatazama nyuma, na pande zote mbili zikawa ngeni. Akainama akijifanya anafunga kamba ya kiatu, kijasho chembamba kikimtoka, mpaka kengele ya kanisa ikalia na kila kitu kikarudi mahali pake. Siku ile alijiambia ni njaa. Mara ya pili alijiambia ni usingizi. Mara ya tatu hakujiambia kitu, alirudi nyumbani akaupaka mkokoteni mafuta kwa saa nzima.

Hakumwambia mtu, hata mkewe Wilma. Angeanzaje? Katika mji wetu mtu anaweza kukiri baani kwamba amefilisika, au mkewe kamkimbia na muuza samaki, na atanunuliwa divai apozwe. Lakini mwenyeji kupotea ni jambo lisilosemeka. Kupotea ni kazi ya wageni, ndiyo inayowaleta, na sisi kazi yetu ni kuwaambia waende moja kwa moja tu, hata kama mbele kuna mfereji. Mchukuzi wa kuuliza njia ni kama padri aliyesahau Baba Yetu. Akijulikana, beji ya shaba inabanduliwa kwenye kofia na mkokoteni unapewa mwingine. Baba yake Olindo aliusukuma mkokoteni, babu yake pia, na yeye hakujua bila mkokoteni angekuwa nani. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Basi akabuni ujanja. Wageni wa siku hizi wana simu zenye ramani, na Olindo aliwaambia kwa upole watangulie wenyewe, waonje raha ya mji, yeye angewafuata na mizigo. Walifurahi ajabu. Kuna waliomwandikia sifa kwamba ni mchukuzi mwenye utu kuliko wote. Kwa namna hiyo alivuka Oktoba nzima, roho mkononi, akifuata migongo ya watu waliofika mjini saa moja iliyopita.

"Olindo, mkokoteni wako unalia kama paka aliyebanwa mlangoni," Tullio Busetto alimrushia asubuhi ile, kama alivyomrushia neno kila asubuhi kwa miaka thelathini. "Au ni magoti yako?"

"Ni mdomo wako, Tullio. Unasikika mpaka bara."

Wenzao walicheka. Tullio alikuwa mrefu, mwembamba, na ulimi wake haukumwacha mtu. Siku Olindo alipomzika mama yake, Tullio alimshika mkono akamwambia kwamba jeneza limebebwa vizuri kuliko anavyobeba yeye masanduku. Olindo alicheka palepale kaburini, na baadaye akashukuru kwa kicheko kile.

Zamu yake ikafika. Aliyeshuka ngazi alikuwa bibi kizee mwenye fimbo, koti la kijivu na sanduku gumu la zamani lisilo na magurudumu. Jina lake Nives Furlan, fundi cherehani mstaafu kutoka Trieste, miaka sabini na tisa, amekuja kwenye ubatizo wa kitukuu chake kesho yake. Olindo akamuuliza haraka kama simu yake ina ramani.

"Simu ninayo, iko kwenye droo Trieste," alisema Bi Nives. "Ina kelele. Ramani yangu ni wewe, baba. Nyonga yangu mbovu, kwa hiyo usinipitishe madaraja ya bure."

Akampa karatasi iliyoandikwa na mjukuu wake: *Nyumba ya wageni ya Komamanga, kwa Bi Nerina. Mchukuzi yeyote anapajua.*

Olindo alipoisoma nusura acheke kwa furaha. Komamanga! Hiyo haikuwa imemtoka. Ilikuwa kichwani mwake safi kama imeoshwa. Mama yake aliifulia shuka Komamanga, na yeye akiwa na miaka minane alibeba mafurushi yake begani, mpaka kule kwenye kanisa la Fransisko wa Mizabibu, mlango wa kijani, ngazi zenye harufu ya sabuni na kahawa, vyumba saba tu. Usiku hata akiwa na homa angefika. Akafunga sanduku kwa kamba, akamwambia Bi Nives aweke mkono mmoja kwenye ukingo wa mkokoteni, wakaondoka.

Kwa mara ya kwanza tangu Septemba alitembea bila kuogopa. Ukungu ulimeza nyumba kutoka ghorofa ya pili kwenda juu, watu walitokeza ghafla wakiwa na mifuko ya mkate, lakini miguu yake ilijua kila pembe. Hapa kushoto, pale chini ya upinde, hapa punguza mwendo kwa sababu mawe yana utelezi. Kwenye kila daraja aliuinua mkokoteni ngazi kwa ngazi, akarudi kumshika bibi mkono. Alimsimulia habari za Bi Nerina, jinsi anavyopaka nta sakafu mpaka wageni wanaanguka, na jinsi asivyokubali mgeni kula kifungua kinywa akiwa na kandambili.

Bi Nives alisikiliza mpaka daraja la saba. La nane alilipanda akiegemea fimbo. La tisa alisimama katikati, ameuma mdomo.

"Bado mbali?"

"Hapo tu, mama."

"Ulisema hapo tu kwenye daraja la sita."

Ilikuwa kweli, na aliona haya, lakini aliona pia mnara wa Fransisko ukitokeza kwenye ukungu, na moyo wake ukafurahi. Walivuka madaraja kumi na manne. Walipofika Bi Nives alikuwa amebadilika rangi. Mlango ulikuwa palepale, na bado ulikuwa wa kijani. Olindo alinyoosha mkono kwenye kengele aliyoizoea, akakuta kengele tano, kila moja na jina la mtu.

Alibonyeza mojawapo. Dirisha la juu likafunguka, akachungulia mwanamke aliyejifunga taulo kichwani. Olindo akamuulizia Bi Nerina wa Komamanga, na yule mwanamke akashangaa.

"Komamanga? Baba, Komamanga walihama zamani. Mimi hapa nina mwaka wa kumi na moja, na nilikuta wameshaondoka."

Dirisha likafungwa. Olindo alibaki ametazama juu, na hapo ndipo yote yalipomrudia kwa pamoja. Walihama, ndiyo. Na aliyewahamisha ni yeye. Alibeba vitanda kumi na viwili, magodoro, kabati la vyombo lililokataa kupita mlangoni, na kioo kikubwa ambacho Bi Nerina alikililia kilipopata ufa. Siku nne, yeye na Tullio na boti ya kukodi. Aliona kila kitu: kamba, jasho, ufa wa kioo. Ila hakuona walikopeleka. Boti iliondoka na vitanda ikaingia kwenye weupe, na mbele ya hapo hapakuwa na kitu.

Akashika ukuta.

Bi Nives alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kisima cha uwanja, fimbo katikati ya magoti. Hakugomba. Aliuliza taratibu:

"Baba, umepotea?"

"Mimi? Nimezaliwa hapa, mama. Ni huu ukungu tu."

Aliposema hivyo alijichukia. Angeweza kumaliza mambo palepale. Angeweza kumpigia simu Bi Nerina, lakini Bi Nerina hana kifua. Anachosikia saa tatu, saa tano kiko baa zote na mchana kiko kwa mwenye kutoa beji. Angeweza kuingia duka la mkate na kuuliza, lakini muuza mkate alimjua toka utotoni. Kila mlango uliokuwa wazi ulikuwa na mtu anayemjua kwa jina. Akaushika mkokoteni, akasema twende, na wakaenda, yeye akijikaza kisabuni na bibi wa watu akiburuta mguu nyuma yake kwa sababu ya aibu isiyomhusu.

Walitembea nusu saa. Alichagua njia kwa kubahatisha, na kila alipobahatisha vibaya ilikuwa daraja, na kila daraja alimsikia Bi Nives akivuta pumzi kwa meno. Mara mbili walitokea kwenye uwanja uleule wenye duka la vifungo. Mara ya pili Bi Nives alilitazama duka, akamtazama Olindo, hakusema. Afadhali angesema. Hatimaye njia iliishia kwenye barabara pana ya ukingoni, na mbele yake palikuwa peupe tupu: ziwa la chumvi, na mahali fulani ndani ya weupe kisiwa cha makaburi. Hapakuwa na mbele tena.

Bi Nives alikaa juu ya sanduku lake.

"Mimi sitembei tena," alisema. "Uniache hapa umtafute mtu, au unibebe kama sanduku. Chagua."

Hatua ishirini hivi mbele, kwenye ukungu, palikuwa na mgongo wa mtu aliyeegemea ukuta akihema. Hakuonekana sura. Olindo aliutazama mgongo ule kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo, angesimuliwa juu ya mtu mwingine, angeona ni la kuchekesha. Alivua kofia yake yenye beji, akaikunja akaitia mfukoni. Akageuza koti ndani nje, ili maandishi ya wachukuzi yasionekane. Akaacha mkokoteni kando ya bibi, akaenda akitembea kwa mashaka kama wanavyotembea wageni, na akaongea Kitaliano cha shule, cha watu wa bara, ambacho hakuwahi kukiongea mjini kwake isipokuwa labda mbele ya hakimu.

"Samahani, bwana. Mimi ni mgeni hapa. Natafuta nyumba ya wageni inaitwa Komamanga."

Mtu yule akageuka. Alikuwa Tullio Busetto.

Walitazamana. Kati yao palikuwa na hatua moja, na ukungu wa hatua moja haufichi mtu. Tullio alikuwa ametota jasho, nywele zimemganda kwenye paji, katika baridi ile. Alimtazama Olindo asiye na kofia, akatazama koti lililogeuzwa, mishono yake nje. Olindo alisubiri. Alijua linakuja, na lingekuwa kali kuliko yote ya miaka thelathini, na alistahili.

"Komamanga si mbali, bwana," Tullio alisema. Alisema kwa Kitaliano kilekile cha shule, polepole, kwa adabu. "Fuata ukingo huu mpaka kanisa kubwa la Wajesuiti. Hapo ingia kushoto, vuka daraja la mbao. Halafu shika ukingo wa mfereji mrefu, usiuache, mpaka uone kanisa la matofali, Mama wa Bustani. Nyumba ya tatu baada ya kanisa, ina taa ya chuma mlangoni. Madaraja ni manne tu. Umenielewa, bwana? Nirudie?"

"Nimeelewa," alisema Olindo. "Asante sana."

Akageuka kurudi. Hakufika hata hatua kumi, akasimama. Tullio hakumtania. Mtu aliyefanya utani kaburini amemkuta mwenzake amegeuza koti, anaiga lafudhi ya bara, anaulizia nyumba ambayo waliihamisha pamoja kwa mikono yao, na hakuwa na la kumtania. Kwa hiyo alijua. Hakushangaa, kwa hiyo alikuwa akijua kabla ya leo. Olindo alisikia aibu, na nyuma ya aibu ikaja hofu yenyewe, ile aliyokuwa akiikimbia tangu Septemba, kwamba hili ni la kweli na halitapona.

Alimketisha Bi Nives juu ya mkokoteni, akaweka sanduku mapajani pake, akasukuma. Ni marufuku kubeba watu, lakini siku ile marufuku lilikuwa jambo dogo. Akayasema maelekezo kwa sauti njia nzima, kama sala: Wajesuiti, kushoto, daraja la mbao, mfereji mrefu. Kwenye madaraja bibi alishuka, akapanda ngazi moja moja akimwegemea, akakaa tena. Na kila walipotembea Olindo alisikia nyuma yao, mbali kidogo kwenye ukungu, magurudumu ya mkokoteni mwingine. Alipotembea yalitembea. Aliposimama daraja la pili, bila uhakika, yalisimama. Aliposhika njia ya kulia, yakagonga mawe mara mbili kwa nguvu. Akarudi, akashika ya kushoto, na yakaendelea kumfuata kimya.

Kanisa la matofali likatokea. Nyumba ya tatu, taa ya chuma. Dirishani akaonekana Bi Nerina akipangusa kioo kilichokuwa tayari kinang'aa. Stesheni ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka pale, njia karibu yote tambarare, na walikuwa wametembea saa mbili na nusu.

Kabla hajabisha, Olindo alimgeukia Bi Nives.

"Mama, haikuwa ukungu. Nilipotea. Siku hizi napotea. Nisamehe."

Alikuwa amelisema. Alishangaa jinsi lilivyokuwa fupi.

Bi Nives alimtazama kwa hasira ya haki. "Nyonga yangu haitaki samahani, inataka kiti," alisema. "Ungesema tokea kule kwenye mlango wa kijani, tungeuliza. Mimi kuuliza sioni haya. Umenitembeza mji mzima kwa ajili ya kofia."

"Ndiyo, mama. Kwa ajili ya kofia."

Hasira ilikuwa bado usoni. Kisha akamtengenezea ukosi wa koti lake lililogeuzwa, kwa vidole vya fundi ambavyo havikuweza kuuacha ulivyo, akaingia ndani. Sauti ya Bi Nerina ilisikika ikiuliza bibi alikuwa amepitia wapi, na Bi Nives akajibu kwa mkato kwamba treni ilichelewa.

Olindo alivuta mkokoteni mpaka chini ya daraja, akasubiri. Tullio alitokea na wa kwake, akakaa kwenye ngazi. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Tangu lini?" aliuliza Olindo.

"Julai."

"Mimi nilianza Septemba."

"Wewe ulijua Septemba." Tullio alijifuta uso kwa kofia. "Tunakufuata kwa zamu. Leo ilikuwa yangu, na huu ukungu mshenzi ukakuficha kwenye daraja la pili. Nimekimbia mji mzima, Olindo. Nilikuwa nimeanza kutazama kwenye mifereji."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila asubuhi nilikuwa nakuja nimejipanga kukwambia. Nikifungua mdomo yanatoka yaleyale ya mkokoteni na paka. Sijui kusema mengine. Unanijua."

Olindo aliuliza lile alilokuwa akiliogopa zaidi: kama Wilma anajua. Tullio akasema kwamba ni Wilma aliyekuja kwao Julai, stesheni, amevaa nguo zake za kanisani, akawaomba wamtunzie mumewe barabarani na wasimnyang'anye mkokoteni mpaka atakapolisema mwenyewe.

Olindo alilia hapo, waziwazi, mchana kweupe, pembeni mwa mfereji, na Tullio alikaa karibu naye asijue afanye nini na mikono yake. Alimlilia Wilma aliyebeba siri hiyo miezi mitano mezani pake na kitandani pake, akimuuliza kila jioni kazi ilikuwaje na kujifanya anaamini jibu. Alilia mpaka ikatosha. Kisha akatoa kofia mfukoni, akaibandua beji kwa ukucha, akamkabidhi Tullio, naye akaipokea.

"Nataka kwenda kwa Wilma nimwambie," alisema, akasimama. Akatazama juu ya daraja, akatazama ukingo wa mfereji huku na huku, wote mweupe. Kisha akauliza, kwa lugha ya nyumbani safari hii:

"Tullio, kutoka hapa, kwangu ni upande gani?"

Tullio akamwonyesha.